Mafuta ya mchaichai, kivumbasi na makonyo dhidi ya kupe: mwongozo kamili kuanzia kukamua mpaka kupaka

Mi nafuga Tanga, ng'ombe wa maziwa wanne na mbwa wawili, na huku kwetu masika yakiisha ndo unawajua kupe vizuri. Naulizwa sana kuhusu haya mafuta ya mimea, wengine wanataka waache kabisa dawa za josho, wengine wameuziwa kichupa wakaambiwa kinamaliza kila kitu. Naandika yote ninayojua kwa urefu ili mtu aweze kufanya mwenyewe bila kuumiza mnyama wala kupoteza hela.

Kabla ya yote, shika hili: mafuta yanafukuza kupe vizuri sana na yanaua wale wadogo, ila HAYAKAI mwilini. Dawa ya kuogeshea ya dukani inabaki kwenye manyoya siku kadhaa, mafuta ya mimea yanaruka na jua na upepo ndani ya masaa, harufu ikiisha kazi imeisha. Mwaka juzi nilipoteza ndama jike wa miezi saba kwa ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, maana niliaminishwa na mtu kwamba nikipulizia mafuta mara moja kwa wiki inatosha. Haitoshi. Leo nayatumia bado na nayapenda, ila nayatumia kila baada ya siku mbili na mkono wangu unapita masikioni kila jioni.

Mjue kwanza kupe unayepambana naye

Kwa ng'ombe wa Afrika Mashariki kupe wa kuogopwa kuliko wote ni yule wa kahawia anayejazana masikioni. Huyu ndo analeta ndigana kali. Anang'ata wanyama watatu tofauti maishani, akiwa mdogo kabisa wa miguu sita anang'ata, anashiba, anadondoka, anajivua, halafu anapanda tena kwenye mnyama mwingine, na jike akishiba kwa mara ya mwisho anadondoka kwenye nyasi anataga mayai kwa maelfu. Yani muda mwingi wa maisha yake hayupo kwenye ng'ombe, yupo chini. Kuna kupe wa bluu, huyu anakaa kwenye mnyama mmoja kama wiki tatu tangu mdogo mpaka anashiba, analeta ndigana baridi na ule ugonjwa wa mkojo mwekundu. Halafu kuna yule mkubwa mwenye mapambo ya rangi mgongoni, anapenda kiwele na katikati ya miguu, ndo analeta ugonjwa wa maji moyo, na midomo yake ni mirefu kiasi kwamba anaacha kidonda.

Kitu kimoja kinachotusaidia sana: kupe wa kahawia akishang'ata, vijidudu vya ndigana kali vinahitaji kama siku tatu hivi kukomaa kwenye mate yake kabla havijaingia kwa ng'ombe kwa wingi. Kwa hiyo ukimtoa leo yule aliyeng'ata jana umeshaokoa jambo. Ratiba yote nitakayoeleza hapa chini imejengwa juu ya hizo siku tatu.

Mimea ipi

Mchaichai ndo naanza nao kila mara. Unapatikana, unaota kwenye kingo za shamba, mafuta yake yana sitrali kwa wingi, kemikali yenye harufu ya limao ambayo kupe haipendi kabisa. Kivumbasi, hiki ambacho bibi zetu walikuwa wanafukuzia mbu, kimefanyiwa utafiti wa maana Kenya miaka ya 1990, mafuta yake yakichanganywa kwa asilimia 10 yaliua kupe wadogo wote na zaidi ya asilimia 70 ya kupe wakubwa wa masikioni waliokuwa wamewekwa kwa sungura. Kumbuka hapo ni sungura, sehemu ndogo, kwenye maabara. Ongeza mvua na jua la Tanga uone kama namba itabaki ile ile.

Makonyo, yani vile vijiti vya karafuu, yana eujenoli (ile kemikali kali ya karafuu) kwa wingi kama karafuu yenyewe na bei yake ni nafuu. Pemba kuna kile kiwanda cha Makonyo kule Wawi Chake Chake wanakamua. Haya ni makali. Yanachoma ngozi ukizidisha, na mi siyatumii peke yake.

Mgagani, hii mboga tunayokula na karanga, nayo ina harufu kupe wanaikwepa na imepimwa Kenya pia, ila kupata mafuta yake kwa wingi nyumbani ni kazi, mi naupanda tu karibu na njia ya ng'ombe. Bangi mwitu, lile gugu lenye harufu kali linaloota kwenye mahindi, wafugaji wa magharibi mwa Kenya wanalijua siku nyingi kwa kupe. Mwarobaini una mafuta pia lakini yale ya mbegu si mafuta ya harufu, ni mazito, hayaruki, yanazuia kupe kukua na kutaga badala ya kumfukuza haraka, kwa hiyo yanafaa kuwa mafuta ya kuchanganyia. Pareto wa Iringa na Nakuru ni habari nyingine kabisa, ile ni sumu ya kweli ya wadudu, usiichukulie kama mchaichai.

Kununua: mtihani wa karatasi

Ukinunua, chukua karatasi nyeupe, dondosha tone moja la mafuta, acha mpaka kesho mahali pasipo jua. Mafuta halisi ya harufu yanaruka karibu yote, karatasi inabaki na alama hafifu sana. Kama kuna duara la mafuta linaloangaza ukiinua karatasi dirishani, hapo umeuziwa mafuta ya kupikia yaliyotiwa harufu. Chupa iwe ya kioo cheusi au cha kahawia. Ukikuta yamewekwa kwenye chupa ya maji ya plastiki yameachwa juani, acha hapo hapo.

Kukamua mwenyewe

Inawezekana kwa presha kuka kubwa. Unahitaji presha kuka, bomba jembamba la shaba mita mbili au tatu, ndoo ya maji ya baridi, na chupa ya kioo yenye shingo nyembamba.

Vuna mchaichai asubuhi umande ukishakauka, acha unyauke kivulini nusu siku, kata vipande vya urefu wa kidole. Chini ya presha weka maji kama inchi mbili, juu yake weka kichungio au mawe safi yaliyobeba wavu ili majani yasizame, mvuke ndo upite kwenye majani. Jaza majani lakini usishindilie na usifike juu kabisa, acha nafasi. Pale panapokaa kile kizito cha mvuke ndo unafunga bomba la shaba, ukilipitisha limejikunja mizunguko kadhaa ndani ya ndoo ya maji baridi, mwisho wake unatokea chini ya ndoo kwenda kwenye chupa.

HATARI: vali ya usalama ya presha usiizibe, na kabla hujawasha puliza bomba kwa mdomo uhakikishe halijaziba. Bomba likiziba na moto upo chini una bomu jikoni. Chupa ya kupokelea ikae mbali na moto, mafuta haya yanashika moto upesi.

Moto wa wastani, saa moja na nusu mpaka mbili. Maji ya ndoo yakipata joto badilisha, mvuke ukitoka bila kupoa mafuta yanakwenda hewani. Kitakachoshuka ni maji yenye harufu, na juu yake utaona utando wa njano unaelea, mwanzoni kama macho ya mafuta juu ya supu, baadae unaungana kuwa tabaka moja. Hayo ndo mafuta. Yavute taratibu na sirinji isiyo na sindano. Usishangae udogo wake, kilo moja ya majani mabichi inatoa mililita 2 mpaka 5 basi. Ndo maana naheshimu kila tone. Yale maji yanayobaki usimwage, pigia deki banda.

Makonyo ni tofauti kwa mambo mawili. Yanataka masaa mengi sana, 8 na kuendelea, na mafuta yake ni mazito kuliko maji kwa hiyo yanazama. Nilipokamua mara ya kwanza nilikaa naangalia juu ya chupa sioni kitu nikataka kumwaga, kumbe yamelala chini kabisa, matone ya njano mazito kama asali yanateleza kwenye kitako cha chupa. Mafuta ya mchaichai yanaelea, ya karafuu yanazama. Kwa makonyo kwakweli bora ununue.

Yahifadhi kwenye kioo cheusi, yamejaa mpaka karibu na kizibo, mahali pa baridi, andika tarehe. Mi nikishamaliza miezi sita na mchaichai naubadilisha, hewa inauharibu na ukiharibika unawasha ngozi zaidi.

Jaribu kwa kupe wako kabla ya kupaka

Hili watu wanaliruka na ndo la muhimu. Chukua sahani, weka maji kidogo, simamisha vijiti viwili vya mshikaki kwenye kipande cha viazi katikati ya maji. Kijiti kimoja, karibu na juu, paka mafuta uliyochanganya (siyo makali, yale yale ya kupaka ng'ombe) upana wa kidole kuzunguka. Cha pili paka mafuta ya alizeti matupu. Sasa weka kupe watano watano ambao hawajashiba, chini ya kila kijiti. Kupe tabia yake ni kupanda juu atafute mnyama. Kwenye kijiti cha alizeti utaona wanakwenda mpaka nchani wananyoosha miguu ya mbele. Kwenye kile kingine, kama mafuta ni mazuri, wanapanda, wanafika karibu na ile pete, wanasimama, wanapepesa miguu ya mbele (pua ya kupe ipo kwenye ile miguu), wanageuka kichwa chini wanarudi. Rudia baada ya saa moja, saa tatu, saa sita. Wakianza kuvuka ndo ujue mafuta yako yanadumu muda gani, na hiyo ndo ratiba yako, siyo ya kwangu. Ukimaliza kupe wote kwenye maji ya sabuni au spiriti, usiwapasue kwa kidole.

Kuchanganya

Mafuta na maji havipatani, ukimwaga tu kwenye bomba la kupulizia yataelea, ng'ombe wa kwanza atapata maji na wa mwisho atachomwa. Lazima sabuni iwe katikati.

Ya kupuliza mwilini, asilimia 1: mafuta ya mchaichai mililita 10 (au 7 za mchaichai na 3 za makonyo), sabuni ya maji isiyo na klorini mililita 10, maji lita moja. Koroga mafuta na sabuni PEKE YAKE kwanza mpaka yawe kitu kimoja, ongeza glasi ya maji ya uvuguvugu huku unakoroga, yatageuka meupe kama maziwa yaliyochujwa, ndo umalizie maji. Ukiona macho ya mafuta juu, ongeza sabuni kidogo. Tengeneza ya siku hiyo hiyo.

Ya kupaka masikioni na chini ya mkia, asilimia 5: mafuta ya mwarobaini au alizeti au nazi mililita 95, mafuta ya kivumbasi au mchaichai mililita 5. Mi nayeyushia na kipande cha nta ya nyuki kiwe kizito kisitiririke, ila nta ikishapoa kidogo ndo unatia mafuta ya harufu, ukitia kwenye moto yote yanaruka. Makonyo humu usizidishe mililita 1.

Pima kwa sirinji tafadhali. Vifuniko vya chupa na vijiko vya kubahatisha ndo vinavyobabua ng'ombe.

Kupaka ng'ombe

Siku ya kwanza usipake mwili mzima. Paka sehemu ya kiganja kimoja nyuma ya bega, ngoja masaa 24. Ngozi ikivimba, ikiwa nyekundu, au ng'ombe akijilamba na kujikuna sana pale, osha na sabuni, punguza kipimo nusu ujaribu tena.

Akiwa sawa, subiri jioni jua likipoa, maana juani mafuta yanaruka haraka na ngozi inaungua. Vaa glavu. Anza kwa kukagua: sikio ndani na nje, kope, chini ya shingo kwenye ile ngozi inayoning'inia, kwapa, katikati ya kwato, kiwele, chini ya mkia. Funga macho ukipitisha vidole, kupe mdogo unamhisi kama punje ya ulezi kabla hujamuona.

Aliyeng'ata MTOE KWANZA. Shika na kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Usimdondoshee mafuta makali wala mafuta ya taa ili aachie, kupe akiudhika anatapika vilivyomo tumboni ndani ya kidonda, na hapo umemchanja ng'ombe ugonjwa kwa mkono wako. Glavu ni muhimu pia kwako mwenyewe, kupe wa mifugo wanaweza kubeba ile homa ya kutoka damu ya Krimea-Kongo ambayo Uganda imeua watu.

Baada ya hapo paka ile nzito kwenye masikio, sehemu ya nje na mdomoni mwa sikio, usiingize shimoni. Paka chini ya mkia ukikwepa nyama laini yenyewe. Halafu puliza ile nyepesi miguuni, tumboni, shingoni. Lita moja inamtosha ng'ombe mkubwa ukilenga sehemu hizo. Macho, pua na mdomo usiguse. Kiwele cha anayekamuliwa fanya baada ya kukamua jioni, na asubuhi kioshe vizuri na maji ya uvuguvugu kabla ya kushika chuchu, maziwa yanavuta harufu haraka na mnunuzi atayarudisha.

Rudia kila baada ya siku mbili wakati wa mvua na mwezi mmoja baada yake, kiangazi kikikolea siku tatu. Mvua ikinyesha usiku huo huo, hesabu hujapaka. Ndama chini ya miezi mitatu mi simpulizii, namtoa kupe kwa mkono na kumpaka masikio tu kwa kipimo cha nusu.

Mbwa, paka, na sisi wenyewe

Mbwa ngozi yake ni nyepesi na anajilamba. Asilimia 1 ya mchaichai ndo mwisho, yani mililita 1 kwa mililita 100 za maji na sabuni, puliza mgongoni na miguuni au lowesha kitambaa umfunge shingoni akitoka. Karafuu usimpake. Mafuta ya mti wa chai (tea tree) yanayouzwa mjini usimpake kabisa, yanaweza kumlegeza miguu na kumtetemesha. Watoto wa mbwa na mwenye mimba, mkono na kibano tu. Halafu kupe wa mbwa anaishi kwenye nyufa za kibanda na anapanda ukutani kutaga, kwa hiyo bila kumwaga maji ya moto, kuziba nyufa na kufua matandiko, utapaka mafuta mpaka uchoke.

PAKA: hapana. Hata kidogo. Ini la paka haliwezi kuyavunja haya mafuta, na hata akilala na mbwa uliyempaka sasa hivi anaweza kuugua.

Kwa binadamu, kifukuza kupe kinachosifiwa duniani ni cha mkaratusi wenye harufu ya limao, lakini kile kilichosafishwa kiwandani, siyo sawa na mafuta ghafi ya kwenye kichupa, na watoto chini ya miaka mitatu hawapakwi. Mi nikienda kukata majani navaa buti, suruali ndani ya soksi, na napuliza ile ya asilimia 1 kwenye NGUO.

Na tafadhali, mabaki usimwage mtoni wala kwenye bwawa la samaki, mafuta ya karafuu yanalewesha samaki mpaka wanakufa. Maua yenye nyuki pia usipulizie.

Chini kwenye nyasi

Kwa vile kupe wengi wapo chini, fyeka nyasi kuzunguka banda mita tatu nne, jua lipige udongo, kupe mdogo anakauka. Kuku waachie watembee na ng'ombe asubuhi, wanadonoa kupe kwelikweli, hata mgongoni kwa ng'ombe aliyelala. Majani unayokata kwa ajili ya ng'ombe wa ndani, hasa ukiyatoa kwenye njia za mifugo ya watu, yaanike juani kabla ya kuyaingiza.

Lini uache mafuta uende josho

Kama una ng'ombe wa kisasa au chotara na eneo lako lina ndigana kali, usiache kuogesha na dawa iliyoidhinishwa. Mi naogesha kwa ratiba niliyopewa na afisa mifugo na mafuta yanajaza zile siku za katikati, siku ya dawa sipaki mafuta. Kuchanganya viwili kwenye bomba moja ni marufuku kwangu. Pia uliza kuhusu chanjo ya ndigana kali, ile iliyotokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Muguga Kenya, ng'ombe anachanjwa mara moja huku anadungwa antibiotiki ya oksitetrasaiklini ya kudumu muda mrefu, na wafugaji wengi wa kimasai kaskazini mwa Tanzania wanaitumia.

Ukiona tezi chini ya sikio imevimba kama limao, joto limepanda, machozi, anahema kwa shida, hapo hakuna mafuta. Piga simu kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, dawa ya buparvakuoni inasaidia ikiwahi, ikichelewa mapafu yanajaa maji. Yule ndama wangu tezi niliiona Jumatatu nikampigia daktari Alhamisi.

Mwisho, nunua daftari. Kila Jumapili hesabu kupe kwenye sikio la kulia la kila ng'ombe, kabla ya kupaka, andika. Sikio hilo hilo, siku hiyo hiyo. Namba ikishuka wiki hadi wiki endelea. Ikifika wiki ya tatu na haijashuka, rudi kwenye vile vijiti viwili ujaribu upya, maana ama mafuta yameharibika, ama kipimo si sahihi, ama umeuziwa maji, na huku unachunguza mpeleke ng'ombe josho.